Ukuta wa udongo umesimama miaka mitatu Kitangiri. Je, mvua zijazo utazivuka?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Nyumba yangu iko Kitangiri, upande wa mlimani. Jirani wa chini alichonga mlima ili apate uwanja wa kujenga, akaacha ukuta wa udongo uliosimama wima, kama mita 3 kwenda juu. Kutoka ukingoni hadi kwenye msingi wangu ni mita 4 tu. Mwaka wa tatu huu haujadondoka. Ila baada ya mvua za masika nimeona ufa ardhini, unafuata ukingo, kidole kinaingia. Fundi ananiambia udongo wa Mwanza ni mgumu kama jiwe, nisihangaike, na nikiwa na wasiwasi tupige ukuta wa mawe tumalize. Nitajuaje kama utashuka? Na huo ukuta wa fundi utasaidia?"

Marahaba. Nikupe jibu fupi kwanza: ukuta huo si salama, msingi wako uko ndani ya eneo linaloweza kuguswa, na ukuta wa mawe ukijengwa vile nionavyo ukijengwa mitaani kwetu unaweza kukuongezea balaa. Lakini sikuambii uhame kesho. Kuna kazi za kufanya kabla ya mvua, na baadhi yake zinataka jembe na nusu siku tu.

Fundi wako nisimlaumu kwa alichokiona. Kiangazi ukiupiga sururu ukuta ule, sururu inaruka. Anachokosa kujua ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu huo ni ya msimu. Milima ya Mwanza ni ya graniti, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na huko chini haijaisha kuoza. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba, madini mengine yanageuka kuwa mfinyanzi, chembe ngumu zinabaki kuwa mchanga. Kinachobaki katikati bila kuoza ndiyo yale mawe makubwa ya mviringo yanayotupa sifa ya jiji la miamba. Kwa hiyo unachokiita udongo pale kwako ni mwamba uliooza mahali pake: mchanga mwingi, mfinyanzi kiasi, na alama za nyufa za zamani bado zimo ndani.

Udongo wa namna hiyo husimama kwa nguvu mbili. Ya kwanza ni msuguano wa chembe kwa chembe, na hii haiondoki. Ya pili ni mshikamano, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Udongo ukiwa na unyevu kidogo, maji yaliyobaki kati ya chembe huzivuta zikabanana. Watoto wanaofinyanga nyumba za mchanga ufukweni wanaijua nguvu hiyo: mchanga mkavu haushikani, wenye unyevu unasimama wima, ukizidisha maji unalala. Mshikamano wa mvutano huu ni mkopo. Mvua ya siku kadhaa mfululizo ikiingia ndani, mkopo unarudishwa wote.

Tuweke hesabu, maana bila hesabu mimi na fundi tutabaki kushindana kwa maneno. Chukua udongo wenye uzito wa kilonewtoni 18 (karibu tani 1.8) kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano, yaani kipimo cha ule msuguano wa chembe, ya nyuzi 32, makadirio yasiyo mabaya kwa udongo wa graniti iliyooza. Mshikamano, unaopimwa kwa kilopaskali, ukiwa 15, kama inavyoweza kuwa Agosti, ukuta wima unaweza kusimama hadi mita 6 kabla ya kuanguka. Ukishuka hadi 8, mwisho ni mita 3.2. Ukishuka hadi 5, mwisho ni mita 2. Ukibaki na 3, mita 1.2. Wako una mita 3. Na hizo ni hesabu za udongo usio na ufa. Ufa ukishafunguka juu, urefu unaoweza kusimama hupungua kwa karibu theluthi moja.

Kwa hiyo ile miaka mitatu inaeleza jambo moja tu: katika mvua zote zilizonyesha tangu jirani achimbe, hakuna iliyoingia kwa kina cha kutosha. Mwanza tunapata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini ukuta haujali jumla ya mwaka. Unajali wiki moja ya Aprili ambayo mvua haikati, tena ikija udongo ukiwa umeshalowa.

Kabla hujamwita mtu, fanya jaribio hili jikoni. Banja bonge la udongo ukubwa wa yai kutoka katikati ya ukuta, si pale juu penye mizizi. Liache siku mbili likauke. Jaza glasi maji, litumbukize taratibu, usilikoroge, kisha utazame. Kwanza utaona mapovu yanatoka, hewa inafukuzwa na maji yanayoingia. Kama pembe zinaanza kumeguka na baada ya dakika chache bonge limekuwa kichuguu chini ya glasi, basi umeona kwa macho kinachoshikilia ukuta wako na kinavyoondoka. Kama bonge linakaa usiku kucha likiwa zima, huenda una moramu iliyogandishwa na madini ya chuma, na hali yako ni nafuu. Jaribio hili halitoi namba ya kusanifia chochote. Ila fundi wako alione pia, mtaelewana haraka zaidi.

Sasa huo ufa. Hukuniambia uko umbali gani kutoka ukingoni, na hilo ndilo ningeuliza kwanza ningekuwa hapo. Kwa ukuta wa mita 3 wenye udongo niliotaja, mshikamano ukiwa 8, kabari (kipande cha udongo chenye umbo la pembetatu) ya kwanza kuondoka kwa kawaida hukatika kama sentimita 80 hivi kutoka ukingoni, na ufa wake unaweza kufika kina cha mita 1.6. Ukipima ukakuta ufa uko ndani ya mita moja, ndiyo hiyo. Itakapoanguka haitabeba nyumba, lakini itaacha uso mpya mbichi, nao utaanza kukatika kama wa kwanza, na hivyo hivyo kurudi nyuma kuelekea kwako. Ufa ukiwa mita mbili na nusu au tatu kutoka ukingoni, au ukiwa umepinda kama mwezi mwandamo ncha zake zikielekea ukingoni, kinachosogea ni kikubwa zaidi na mahali pa kutelezea pako chini zaidi. Hapo usisubiri makala, mwite mhandisi wiki hii.

Ufa wenyewe ni tatizo jingine, kwa sababu unahifadhi maji. Ufa wa kina cha mita 1.6 ukijaa maji, kila mita moja ya urefu wake inasukumwa kuelekea nje kwa nguvu ya karibu tani 1.3. Udongo umepoteza mshikamano, na wakati huohuo kuna kitu kinausukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana kuta nyingi huanguka mvua ikiwa bado inanyesha au saa chache baadaye, usiku watu wamelala.

Kujua kama ufa unatembea ni rahisi. Chukua vipande viwili vya nondo vya sentimita 60, kimoja upande huu wa ufa, kingine upande wa pili, vipigilie hadi vibaki vidole viwili juu, kila kimoja ukikwaruze alama kichwani. Pima umbali wa alama hadi alama kwa futi ileile, kila Jumapili, na kila baada ya mvua kubwa. Andika. Ukipata milimita moja kwa miezi miwili, una muda wa kupanga. Ukipata milimita tano kwa wiki moja, au upande wa nje ukaanza kushuka chini kuliko wa ndani, chumba cha upande huo kisilalwe na mtu, na jirani wa chini naye aambiwe. Yeye ndiye atakayefunikwa kwanza.

Ukiutazama ukuta kwa mbele, tafuta pia mistari. Graniti iliyooza huacha alama za nyufa zake za zamani: mistari iliyonyooka, mingine myeusi, mingine imepakwa mfinyanzi laini unaong'aa ukiulowesha kwa kidole. Ikiwa inainama kuelekea kwa jirani, hesabu zote nilizofanya juu ni za matumaini mno, maana kipande kinaweza kuteleza juu ya mstari huo hata udongo wa pande zote ukiwa mzuri. Hili ndilo jambo ambalo programu ya kompyuta haiwezi kukuonea. Lazima mtu asimame mbele ya ukuta na kulitazama.

Mhandisi utakayemwita atakueleza habari ya uwiano wa usalama. Maana yake ni nguvu zinazoshikilia zigawanywe kwa nguvu zinazoshusha. Ukipata 1, mlima uko ukingoni mwa kuondoka. Kwa mteremko wa kudumu wenye nyumba juu tunataka 1.5 au karibu yake. Njia ya kuupata imetokana na bandari ya Göteborg, Sweden, ambako gati liliteleza mwaka 1916 na wahandisi wakagundua kwamba udongo uliondoka kwa umbo la upinde. Wakaugawa upinde huo kwa vipande vilivyosimama na kupima kila kipande. Mhandisi Fellenius akaijenga njia hiyo, mwenzake Bishop akaiboresha mwaka 1955, na mpaka leo programu nyingi zinafanya hesabu ileile, ila zinajaribu mamia ya pinde na kuchagua mbaya kuliko zote. Programu siyo ngumu. Kigumu ni namba unazoilisha.

Kwa hiyo usimlipe mtu kwa picha za rangi. Mlipe achimbe mashimo mawili ya uchunguzi, moja juu karibu na ufa na moja chini kwa jirani, ayashushe angalau mita 3 au hadi mwamba, atoe sampuli zisizovurugwa, na azipeleke maabara zikakatwe kwenye kisanduku cha kupimia nguvu za udongo zikiwa zimelowekwa. Maneno mawili ya mwisho ndiyo ya kuyashikilia. Ripoti iliyopima udongo ukiwa mkavu ni ripoti ya Agosti. Muulize pia maji ameyaweka wapi kwenye hesabu yake. Mfano mmoja uone uzito wa swali hilo: mteremko wa nyuzi 30 wenye tabaka la udongo la mita 2 juu ya mwamba, mshikamano kilopaskali 4, pembe ya msuguano nyuzi 34. Ukiwa mkavu, uwiano wake ni 1.42. Maji yakijaa hadi juu na kutiririka ndani ya udongo kufuata mteremko, unashuka hadi 0.83. Mlima uleule, udongo uleule. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiondoke bila kuangalia hali ya mtikisiko, maana tetemeko la Septemba 2016 lililoiumiza Bukoba lilikuwa upande wa pili wa ziwa hilihili.

Tuje kwenye ukuta wa mawe. Udongo mkavu wa mita 3 utausukuma ukuta kwa nguvu ya karibu tani 2.5 kwa kila mita moja ukienda kando ya ukuta. Ukuta usiopitisha maji, nyuma yake pakajaa, husukumwa kwa karibu tani 6. Zaidi ya mara mbili, na nyongeza yote ni maji. Sasa kumbuka zile kuta tunazoziona njiani: mawe na saruji, unene wa sentimita 40, zimezibwa vizuri kwa mbele kama ukuta wa sebule, hakuna tundu. Nyuma wamejaza kifusi kilichotoka palepale. Huo ukuta ni bwawa bila mtu kujua. Wa mita 3 unaosimama kwa uzito wake unahitaji kitako cha kati ya mita 1.5 na 2, kokoto safi nyuma yake upana wa sentimita 30 kuanzia chini hadi karibu na juu, kitambaa cha kuchujia ili udongo usizibe kokoto, na matundu ya bomba la milimita 75 kila mita moja na nusu. Baada ya mvua matundu yatoe maji. Yakikaa makavu wakati mlima umelowa, yameziba.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi. Ili ujenge ukuta huo lazima uchimbe msingi kwenye mguu wa ukuta wa udongo, mahali ambapo panaushikilia wote. Mafundi wakifungua mtaro wa mita 15 kwa mkupuo, wanauondolea mlima mguu huku wameinama chini yake. Kazi hiyo hufanywa kiangazi, kwa vipande vya mita mbili mbili, kipande kimoja kinamalizwa kabla ya kingine kuguswa.

Mimi kwa kiwanja chako nisingejenga ukuta wa mita 3. Kulaza mteremko wote kwa kiasi cha mita moja kwenda juu kwa mita moja na nusu kwenda nyuma kungehitaji mita 4.5, na wewe una 4. Ndiyo maana nimesema msingi wako umo ndani ya eneo. Lakini ukigawa kazi mara mbili, inaingia. Nusu ya chini, mita 1.5, iwe ukuta wa magabioni. Nusu ya juu ilazwe mteremko, ambao utakula mita 2.25 za uwanja wako na kukubakizia mita 1.75 hadi kwenye msingi. Nguvu inayosukuma ukuta hupungua haraka urefu ukipungua: ukuta wa nusu urefu husukumwa kwa robo tu, ukiongeza kidogo kwa ajili ya mteremko ulio juu yake. Magabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe, hupitisha maji yenyewe, na mawe ndicho kitu ambacho Mwanza hatujawahi kukosa. Mteremko wa juu upandwe nyasi za vetiva, mizizi yake hushuka mita mbili hadi tatu. Usipande migomba. Mizizi yake ni ya juujuu, migomba yenyewe ni mizito, na anayeipanda ataimwagilia.

Mhandisi wako anaweza kupima udongo akaja na umbo jingine, mfuate yeye mwenye vipimo. Ila mpango wake ukiwa na ukuta mrefu kuliko huu, akuonyeshe sababu.

Mambo ya kufanya wiki hii hayangoji ripoti. Ziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi, ushindilie kwa ncha ya mti tabaka kwa tabaka, halafu funika kwa turubai mpaka nje ya ukingo. Chimba mfereji juu ya nyumba uyakinge maji yanayoshuka kutoka mlimani na kuyapeleka pembeni, si kuyamwaga ukingoni. Maji ya bati yaingie kwenye mfereji huohuo. Kisha tazama shimo la maji machafu liko wapi. Kama liko kati ya nyumba na ukingo, unaulowesha ukuta mwaka mzima, kiangazi na masika, na turubai halitakusaidia kitu; lihamishwe. Ondoa vitu vizito pembeni: rundo la tofali, mchanga, tangi. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 zimekaa juu ya kabari niliyokuelezea.

Na kama juu ya nyumba kuna jiwe kubwa, usilihukumu kwa ukubwa. Lizunguke, fukua kidogo chini yake. Likiwa limeungana na mwamba, ni jirani mwema. Likiwa limekaa juu ya udongo, ukubwa wake haulisaidii, na mtu yeyote anayechota mchanga au anayepasua kokoto chini yake azuiwe leo. Watu walikumbuka sana mambo haya baada ya tope la Mlima Hanang kuishukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023, ila lile lilikuwa tope lililoshuka kutoka mlimani. La kwako ni kazi ya jembe la jirani, na linazuilika kwa urahisi zaidi.

Juu ya huyo jirani: magabioni yatakaa kwake, kwenye mguu, kwa hiyo huwezi kujenga bila yeye. Usianze kwa kumshtaki. Nenda naye mbele ya ukuta, mwonyeshe vipande vya nondo na daftari lako, kisha mwende wote kwa mwenyekiti wa mtaa mwandikiane nani analipa nini, na barua ifike kwa mhandisi wa Manispaa ya Ilemela. Akigoma, una maandishi. Akikubali, kazi ya mguuni ianze Juni, masika yakiwa yamekatika na udongo umeanza kujikausha, ili vuli ikiingia Oktoba mteremko wa juu uwe umelazwa na vetiva imeshika.